Mheshimiwa wa Sebuleni

Mwenzenu nina mheshimiwa nyumbani. Si mbunge, hao nawaona kwa mbali tu Bunge likikaa, vioo vimefungwa na kiyoyozi kinapuliza. Wangu ana magurudumu mawili, matangi mawili ya plastiki, waya mrefu na sauti ya mashine ya kusaga. Ni mashine ya kuoshea kapeti. Nilimnunua ili anitumikie. Leo nimeamka alfajiri ya Jumapili kumchokonoa meno kwa pini, halafu mtu aniambie nani bosi hapa.

Kapeti lenyewe tulilinunua Kariakoo, enzi tunakaa Tabata, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, mahali ambapo vumbi likitaka kukufikia lazima lipande ngazi. Zulia la manyoya, rangi ya maziwa. Mwaka 2017 ofisi ikahamia Dodoma, na sisi makarani wa masjala tukafungashwa pamoja na mafaili. Siku tunashusha vyombo Nkuhungu, mzee wa jirani, Mgogo wa hapahapa, akaja kutusaidia. Akalipapasa lile zulia, akaniangalia. "Mwanangu, hili nalo umelileta huku?" Hakuongeza neno. Mimi nikadhani kalisifia.

Huku mvua ni Desemba mpaka Aprili, na hapo ikijisikia. Miezi iliyobaki ni upepo na vumbi jekundu. Na vumbi la Dodoma halipigi hodi. Ukifunga dirisha linapita tundu la funguo. Ukiziba tundu la funguo linakuja na viatu vya wageni. Zulia la maziwa likageuka chai ya maziwa, baadaye chai ya rangi, mwishowe tukaacha kabisa kuzungumzia rangi.

Wapo vijana wanaoosha makapeti palepale wanapooshea magari. Wanakuja na bajaji, wanalibeba, wanalipiga maji ya presha, wanalisugua, wanalianika ukutani, jioni linarudi. Kwa 15,000. Mimi nikakaa na kalamu. Kila miezi miwili 15,000, kwa mwaka 90,000. Nikawa nimeiona mashine kwenye mitumba ya vyombo vya umeme, imetoka Uingereza, 180,000. Miaka miwili hela imerudi, mwaka wa tatu naosha bure! Nikampelekea mama Neema hesabu zangu. Akazisoma, akasema, "Baba Neema, hapa maji umeyaweka wapi?"

Nikamjibu, "Maji si yapo?"

Nimeishi mji huu miaka yote hiyo na bado mdomo wangu ulitamka "maji si yapo" mwezi wa tisa.

Muuzaji aliapa kwamba umeme wake ni huuhuu wetu, volti 230, plagi pini tatu, chomeka twende. Kwa hilo hakunidanganya. Mwenzangu ofisini aliletewa ya kwake na ndugu kutoka Marekani, ya volti 120, akaichomeka ukutani bila transfoma. Ilitoa moshi mara moja tu, ikastaafu. Ya kwangu iliwaka. Alichoninyamazia muuzaji ni nywele. Nilipoifungua chini, brashi ilikuwa imevaa manyoya mafupi meupe pande zote. Mbwa wa Uingereza, ndugu zangu. Nimetumia nusu saa ya maisha yangu, mtumishi wa umma, nikimnyoa mbwa ambaye sijawahi kumwona.

Kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza, kwa hiyo Neema, yuko kidato cha tatu, ndiye msemaji wa Mheshimiwa. Akaanza: "Baba, wanasema kabla ya kuosha toa kwanza vumbi kavu kwa mashine ya kufyonzea vumbi."

"Kwani hii haifyonzi?"

"Hii inafyonza maji, Baba."

Yaani unanunua mashine, nayo inakutuma ukainunulie mashine mwenzake. Nikamwambia huo ukurasa turuke.

"Wanasema pia tutumie sabuni yake maalumu, isiyo na povu."

Chupa niliyopewa na muuzaji ilikuwa na sabuni ya kulowesha kidole. Na mimi nimelelewa na mama ambaye nguo isiyotoa povu hajaifua, kaibatiza tu. Nikachota sabuni ya unga ya kufulia, vikombe viwili, nikaikoroga vizuri kwenye tangi.

Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi kuieleza. Tangi la juu lina maji safi na sabuni. Ukibonyeza kitufe cha mpini, maji yanatoka kwenye vitundu vidogo chini, brashi inazunguka kusugua, na mdomo wa mbele unayavuta yale maji machafu mpaka tangi la pili. Hiyo ni kwenye karatasi. Kwenye zulia langu, lenye vumbi la miaka mitano limejibana kwenye mashina ya manyoya, maji yaliposhuka na brashi ikakoroga, tukapata udongo. Udongo kabisa, wa kufinyangika. Mzee wa jirani angetuletea fito tu, tungesimamisha tembe sebuleni siku hiyohiyo.

Na bado povu halijaja.

Povu lilianza kwa adabu. Nikaliona kwenye tangi la maji machafu, jeupe, nikafurahi, nikasema si mnaona, ndiyo usafi huo. Mara sauti ikabadilika. Mheshimiwa alikuwa ananguruma, ghafla akaanza kupiga mluzi mwembamba kama birika, na hafyonzi kitu. Nikajua mota imekwenda, na 180,000 imekwenda nayo. Neema akapekua kitabu.

"Baba, ni boya."

"Nani boya?"

"Boya, Baba. Lipo ndani ya tangi chafu. Maji yakijaa linaelea, linapanda, linaziba njia ya hewa ili maji yasiingie kwenye mota. Sasa limepanda kwa sababu ya povu."

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni. Akageukia ukuta. Sikumwona uso, ila mabega yalikuwa yanacheza.

Nikazima, nikamwaga, nikawasha tena. Safari hii povu likapata njia ya pembeni ya boya, likatokea kwenye matundu ya hewa mgongoni mwa Mheshimiwa, linashuka taratibu kama chungu cha pombe ya mtama kilichosahauliwa juani. Mdogo wake Neema akapiga makofi. Nikachomoa waya ukutani, nikakaa chini kwenye udongo wangu.

Dawa ya povu ni siki. Hilo nalo lilikuwa kitabuni, ukurasa tuliouruka. Kidogo tu kwenye tangi chafu, povu linanywea. Ila ile sabuni iliyokwisha kuingia kwenye zulia haina njia ya mkato: ni kusuuza kwa maji matupu mpaka yatoke bila povu, maana sabuni ikibaki kwenye manyoya inanata, na kitu kinachonata Dodoma ni kama umeliandikia vumbi barua ya mwaliko. Tangi linachukua lita 4 kasoro. Niliosha na kusuuza mara kumi na moja. Mgao wa maji kwetu ni usiku wa siku mbili kwa wiki, tunajaza madumu kama tunahama. Madumu mawili ya lita 20 yaliishia kwenye zulia, na mama Neema aliyasindikiza kwa macho mpaka tone la mwisho. Maji machafu nikayabeba kwa ndoo kwenda kuflashia chooni, angalau nionekane mtu mwenye mipango.

Lakini niseme ukweli. Yale maji ya kwanza kutoka kwenye tangi chafu, kabla povu halijatuvuruga, tulisimama mimi na mke wangu tukayatazama. Meusi. Mazito. Kuna kokwa la ubuyu lilikuwa linaelea. Sebule hiyo tumekaa chini tumekula, tumelala mchana, mtoto katambaa humo mpaka akasimama. Hakuna aliyesema kitu. Toka siku hiyo sijaweza kumuuza Mheshimiwa, hata ninapomchukia. Mtu aliyekuonyesha siri yako humfukuzi kirahisi.

Sasa nafuata kitabu. Jumamosi asubuhi zulia linatolewa nje, linatundikwa ukutani, tunalipiga kwa fimbo kwa zamu, familia nzima vitambaa puani. Jirani akipita anauliza, "Si mna mashine nyie?" Ndiyo, tunayo. Ndiyo inayotaka lipigwe kwanza. Bibi yangu alilipiga busati lake kwa fimbo hivihivi, akalikung'uta, akamaliza, akaenda zake shamba. Mimi nikimaliza fimbo ndiyo nimeanza. Sabuni nimeagiza ile ya kwake, isiyo na povu, napima kwa kifuniko kama dawa ya kikohozi. Maji ya uvuguvugu, siyo ya moto wa chai: ukimwagia yanayochemka, plastiki inajikunja. Halafu nakwenda mbele nimebonyeza maji, narudi bila kubonyeza, navuta tu, mara mbili, mara tatu, mpaka tone la mwisho, vinginevyo zulia linabaki na maji tumboni na kunuka. Kwenye kukauka nitaisifu Dodoma. Hewa yetu kavu hii, asubuhi umeosha, saa kumi zulia limekauka. Tatizo ni kwamba kinacholikausha ni upepo, na upepo huo hautembei peke yake.

LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, sitaizungumzia. Mheshimiwa ana wati 1,600. Mita yenyewe ikimwona anatolewa stoo inaanza kulia.

Nilichotaka hasa kuwaambia ni haya ya kuazimwa. Dada mmoja wa saluni, mtaa wa pili, alisikia. Akaja na heshima zote, "Shikamoo shemeji," na sahani ya maandazi imefunikwa kitambaa. Ana kipande cha kapeti pale wateja wanapokalia, kimoja tu, kidogo. Ningesemaje? Nilikuwa nimeshakula andazi. Mheshimiwa akaenda saluni Ijumaa, akarudi Jumapili ananuka mafuta ya nywele, na ukimwasha mota inalia ila brashi imesimama. Nikamgeuza. Ndugu zangu, brashi ilikuwa imesukwa. Rasta namba moja nyeusi, namba thelathini na tatu, na nyingine ya zambarau, zimezungushwa kwa ustadi ambao mtu saluni angelipia. Zile nyuzi hazikatiki kwa mkono. Nilikata kwa wembe, nikavuta kwa koleo, nikatoa fungu la kumtosha binti mmoja kwenda nalo harusini. Chini yake nikaukuta mkanda wa mpira, ule unaopeleka nguvu ya mota kwenye brashi, umekatika vipande viwili.

Mkanda wake hauuzwi hapa. Nikaenda Majengo kwa fundi cherehani, nikamwekea mezani vile vipande. Akavigeuza, akaniuliza, "Hii gari gani?" Nikamweleza. Akaita fundi mwenzake. Akaja na wa tatu, fundi baiskeli, akasema hiyo ndogo. Akakata duara la tyubu, akagundisha, akanitoza 3,000. Nilifika nyumbani, nikawasha, ikazunguka kama mpya. Dakika kumi. Halafu tukasikia harufu ya matairi ya maandamano, na tyubu ikaruka kutoka chini ikampiga paka. Mkanda wa kweli uliagizwa, ulikaa wiki tano njiani, ni mdogo kama bangili, na bei yake ningeoshewa makapeti mawili na vijana wa presha nikabaki na ya soda. Hesabu yangu ya miaka miwili nimeichana.

Na kila kazi ikiisha, ndiyo naingia kwenye kazi yenyewe: kumwosha Mheshimiwa. Matangi yote mawili, chujio, boya na uwazi wake, mdomo unaokusanya tope, brashi kutolewa nywele. Kisha vyote vianikwe, vifuniko wazi, visirudishwe vikiwa na maji. Zulia nusu saa, Mheshimiwa saa moja na nusu. Siku moja maji yalikatika nikamsukumia stoo na tangi chafu halijamwagwa, nikamsahau. Siku ya nne akaja mama mkwe kutoka Mpwapwa. Alikaa, akapewa maji, akanusa, akasema kwa upole wa mkwe, "Baba Neema, kuku wenu wanaatamia humu ndani?"

"Hapana, mama. Ni mashine ya usafi."

Akatikisa kichwa polepole, akasema pole.

Leo, kama nilivyosema, nimeamkia pini. Maji yetu ya visima yana chumvi. Yeyote mwenye birika Dodoma anaujua ule ukoko mweupe wa ndani. Ukoko uleule umeziba vitundu vya Mheshimiwa, vimebaki kimoja kimoja, na jana ameosha zulia kwa mistari. Tuna pundamilia sebuleni. Pini imetoa wa juu, wa ndani hautoki mpaka ulowe kwenye siki. Kwa hiyo nimechukua chupa jikoni, nimemimina yote kwenye beseni, nimetumbukiza kipande chake cha maji, na viungo vyake vingine vimepangwa juani juu ya mkeka wa mama Neema kama mzigo wa mnada.

Mama Neema katoka jikoni. Pilau iko jikoni, nyanya na vitunguu vimeshakatwa. Kaangalia chupa, kaangalia beseni, kaniangalia mimi, karudi ndani bila neno. Nikamwita Neema, nikampa hela akimbie dukani. Chupa mbili, nimemwambia: moja ya kachumbari, moja ya Mheshimiwa.