Picha ya Bellini: ibaki altareni au ipelekwe makumbusho?

Wapo wanaoamini kwamba picha za thamani zilizobaki makanisani Venice zingekuwa salama zaidi makumbusho, na hofu yao ina msingi. Novemba 12, 2019 maji ya bahari yalipanda hadi sentimita 187. San Zaccaria, kanisa la parokia karibu na uwanja wa Mtakatifu Marko, lina chumba cha makaburi chini ya sakafu ambacho hujaa maji mara kwa mara. Wezi nao wapo: mwaka 1993 picha ndogo ya Bikira Maria, kazi ya mchoraji wa Venice Giovanni Bellini, iliibwa katika kanisa la Madonna dell'Orto mjini humo, wala haijaonekana tena.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hoja hiyo hulipita haraka mno. Mwaka 1505 Bellini huyohuyo aliichorea San Zaccaria picha kubwa ya altare kwenye ukuta wa kushoto. Altare ina nguzo za mawe, naye akachora ndani ya picha nguzo zinazolingana nazo, hata ukuta ukaonekana umefunguka kuwa kikanisa kidogo. Humo ameketi Maria na Mtoto, watakatifu Petro na Katarina upande mmoja, Lusia na Yeronimo upande mwingine, na malaika chini yao akipiga ala ya nyuzi. Kazi hiyo ni rangi na jiwe kwa pamoja. Ukichukua rangi peke yake, umeacha sehemu ya picha ukutani.

Ndivyo ilivyotokea San Giobbe, kanisa jingine la Venice. Picha ambayo Bellini aliichorea kanisa hilo kwa mtindo huohuo ilihamishiwa Gallerie dell'Accademia, makumbusho ya sanaa ya mji huo, mwanzoni mwa karne ya 19, na fremu yake ya mawe ikabaki kanisani. Imetunzwa vizuri sana, lakini nguzo zake za rangi haziendelezi chochote.

Tena picha ya San Zaccaria imewahi kukaa makumbusho. Askari wa Napoleon waliichukua mwaka 1797 wakaipeleka Paris. Huko mafundi waliibandua rangi kutoka kwenye mbao na kuihamishia kwenye turubai. Wataalamu wa enzi hizo waliiona kazi ya namna hiyo kuwa tiba, lakini ni jeraha kubwa kwa picha yoyote, na halikuletwa na maji wala mwizi. Iliporudi baada ya Napoleon kuanguka, watawa Wabenedikto waliokuwa na kanisa hilo walikuwa wamekwisha kuondolewa tangu 1810, na parokia ndiyo iliyoipokea.

Tangu Oktoba 2020, milango ya MOSE, mfumo wa kuikinga Venice na mafuriko, huinuliwa kuizuia bahari inapotarajiwa kupanda sana. Unyevu na wizi havijaisha, ila dawa yake ni vipimo, king'ora na walinzi palepale altareni, na gharama hiyo isiachiwe sadaka za waumini peke yao.