Kazi ya eakilina iko nyuma ya chujio

Ubishi kuhusu eakilina, yaani visafisha hewa inayoingia kwenye injini, za pikipiki za safari ndefu huishia kwenye chujio: pamba au karatasi, la duara au la yai. Naona hapo tunabishania kitu chepesi. Kazi yenyewe iko kwenye bamba la nyuma, lile linaloshikilia chujio kwenye injini.

Chukua Harley-Davidson yenye injini ya Twin Cam, ile ya injeksheni, si ya kabureta. Bamba hushikwa na skrubu kwenye throto bodi, yaani mlango wa hewa wa injini, na bolti mbili zenye tundu kwenye silinda hedi. Bolti hizo ndizo pua za injini. Mvuke wa oili hutokea humo.

Anza kazi ya kubadilisha eakilina wakati injini ni baridi na fyuzi kuu imetolewa. Ukishavua bamba la zamani, ziba mdomo wa throto bodi kwa kitambaa safi, maana skrubu ikidondokea humo, siku nzima imekwenda. Gasketi iliyoganda ikwangue kwa plastiki. Bisibisi huchubua aluminiamu.

Sasa penye makosa mengi. Fundi hukaza bolti za silinda hedi hadi mwisho, kisha anarudi kwenye skrubu za katikati. Bamba linavuta throto bodi upande, na sili za manifoldi, bomba linalopeleka hewa kwenye silinda, huanza kuvuja. Matokeo yake ni sailensa (mwendo wa injini bila kupewa mafuta) inayopanda na kushuka, na milio ya kupasuka kwenye eksozi. Shika zote kwa mkono kwanza, mizunguko miwili au mitatu, bamba lijikalie lenyewe, ndipo ukaze kidogo kidogo kwa kupokezana, ukimalizia kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha pikipiki. Gundi ya buluu ya kuzuia bolti zisilegee, tone moja kwenye meno, mbali na tundu la kupumulia.

Gasketi ya bamba ni hatari kwa namna nyingine. Ikivuja, injini haitalalamika, kwa sababu iko kabla ya kipepeo cha throto. Itanyonya tu vumbi lisilochujwa, na ringi za pistoni zitalika kimyakimya. Kwa hiyo gasketi na o-ringi ziwe mpya kila mara.

Halafu petroli. Kwenye mwendo wa kutulia, sensa za oksijeni huelekeza mchanganyiko kwenye sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Ukifungua throto yote, kompyuta ya injini huacha kuzisikiliza na kufuata jedwali lake la mafuta la kiwandani, ambalo halijui kwamba eakilina mpya imeongeza hewa. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani petroli inapungukiwa, joto linapanda. Kama huna bajeti ya kurekebisha jedwali hilo, subiri. Usinunue eakilina kwanza.

Oili ya injini ikizidi alama ya juu, mvuke utalowesha chujio ndani ya safari moja. Chujio la pamba likishaoshwa likauke lenyewe, bila kupulizwa na kompresa, kisha lipate oili kiasi. Chujio lililo wazi, lisilo na kifuniko, livishwe soksi ya mvua, kitambaa cha kuzuia maji, lakini soksi hiyo hubana hewa, hivyo mvua ikikatika ivue.