Mjusi wa Tendaguru alisimamishwa vibaya miaka karibu 70

Mgeni yeyote wa nyumbani akifika Berlin, lazima nimpeleke makumbusho akamwone mjusi wetu, yule dinosaria mkubwa wa kale. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, na wazee wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandarini. Kwenda juu anapita mita 13.

Mwezi uliopita nilikwenda na mwanangu wa miaka saba. Akamuuliza mama anayetembeza wageni: mbona kwenye picha ya zamani mkia unaburuta chini? Yule mama akachuchumaa wakalingana vimo. Akaeleza kwamba mwaka 1937 walimsimamisha miguu ya mbele imetanuka kama ya kenge. Baadaye wataalamu wakaelewa zaidi, wakamfungua mfupa kwa mfupa, na 2007 akasimama upya, miguu imenyooka, mkia hewani. "Tulikosea," alisema, bila haya.

Nikakumbuka darasa la nne. Nilikosa hesabu ubaoni, nikala viboko mbele ya wenzangu, na sikunyoosha mkono tena mpaka namaliza shule. Linaniuma hadi leo. Maswali nilikuwa nayo mengi, nikayameza.

Lakini sikubaliani na wanaosema huku Ujerumani ndiko wanakojua kulea. Bibi yangu, kule Mingoyo, aliniachia bati nikaange korosho mwenyewe, yeye amekaa pembeni. Nikaziepua mapema, nikabangua, mafuta ya ganda yakanibabua vidole. Aliniosha mikono, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, ulipoziepua zilikuwa zimeshawaka?" Hazikuwa. Kesho yake nilingoja ziwake, nikazimwagia mchanga, zikatoka safi. Fimbo hakushika, na jibu hakunipa.

Kwa hiyo tusiseme utaratibu huu wa kumwacha mtoto aulize na akosee ni uzungu. Jikoni tunaujua vizuri. Mtoto akishavaa sare ndipo tunausahau. Na huku nako wana upungufu wao: mwanangu anauliza kutwa nzima, ila hajawahi kuwasha hata jiko la mkaa. Nataka aje Lindi akaungue kidogo.

Jumapili nilimsimulia mpwa wangu kwa simu habari ya ule mkia. Akanyamaza, kisha: "Mjomba, nani aligundua kwamba umekaa vibaya?" Nikamsikia mama yake akimkaripia asinisumbue.

"Dada, mwache aulize. Muda ninao."