Kama halijawahi kuwasha injini yako, hilo boksi sio spea

Alhamisi usiku nimeshajilaza, simu ikalia. Kwenye grupu letu la Waswahili wenye motohomu, magari ya kuishi ndani, huku Marekani, wengi wetu madereva wa malori ambao tumestaafu au tunakaribia, kaka mmoja wa Ohio kaweka picha ya kontroli boksi, ile kompyuta inayoongoza injini. Boksi la aluminiamu, stika bado iko, kalifunga vizuri na plastiki. Kaandika kwamba kalipata kwenye mnada wa mtandaoni, namba ya pati ni ileile ya lililopo kwenye injini yake ya Cummins, kaliweka chini kwenye mizigo na mwezi wa kwanza anaenda Quartzsite, jangwani Arizona, na familia bila presha yoyote. Watu wakamwaga makofi na hongera. Mimi usingizi ukaisha palepale, nikamjibu saa sita usiku na majibu yangu yakawa marefu mpaka mke wangu akaniambia si uandike makala tu. Ndiyo hii.

Kaka, nakuheshimu na wazo la kubeba akiba ni zuri, mimi mwenyewe nabeba. Ila hicho ulichonacho sasa hivi ni chuma na vyombo vya umeme, bado hakijawa spea ya gari lako. Ni kama umenunua simu ya aina ileile na yako halafu unategemea watu wakupigie wakati laini yako imebaki kwenye ile iliyovunjika. Kinachofanya boksi liitambue injini ni lile faili lililomo ndani, kalibresheni, linalosema injini hii ni ya nguvu kiasi gani, inamwaga mafuta kiasi gani na saa ngapi, imefungwa kwenye gari gani, inaongea vipi na gia boksi. Injini ileile ya Cummins ya lita 8.3 utaikuta kwenye basi la shule, kwenye gari la zimamoto, kwenye motohomu, na boksi linaweza kuwa na sura moja kote huko wakati ndani kila moja lina habari zake. Namba ya pati inakwambia habari za chuma tu. Faili haliandikwi kwenye stika.

Najua kwa sababu limenikuta. Miaka minne iliyopita, mwezi wa saba, tunatoka California tunarudi nyumbani Texas, tumepita Needles tunapanda kuelekea Kingman, joto ni lile ambalo ukifungua mlango unahisi kama umefungua oveni. Gari langu ni la 2001, chesisi ya Freightliner, injini Cummins ISC iko nyuma, gia boksi ya Allison ya gia sita. Nyuma nina watoto wawili na mama mkwe ambaye ana presha. Injini ikazima. Haikukohoa, haikupungua nguvu, imezima kama mtu kazima taa. Nikasogea pembeni kwa mwendo uliobaki, nikajaribu kuwasha, stata inazungusha vizuri kabisa lakini injini haishiki. Na kitu kimoja ambacho nilikiona kwa macho yangu ila sikukisikiliza: nikiwasha swichi, zile taa za injini kwenye dashbodi ambazo kawaida zinawaka sekunde chache halafu zinazima, hazikuwaka hata moja.

Mimi nina boksi la akiba. Nilikuwa nimelinunua skrepa mwaka mmoja kabla, nikalifunga na kitambaa, na moyoni nilikuwa najiona mtu niliyejipanga. Nikalala chali kwenye changarawe, kwenye joto lile, nikafungua boksi la zamani, nikafunga la akiba. Stata inazungusha, haishiki. Mama mkwe tukamhamishia kwenye gari la msamaria mmoja lenye kiyoyozi. Brekdauni ilifika baada ya masaa matano, na kulivuta gari la urefu ule sio kazi ya brekdauni ya kawaida, bili yake naikumbuka mpaka leo.

Gereji tuliyopelekwa wakachomeka kompyuta, kompyuta haiongei na boksi. Wakasema kontroli boksi imekufa, tunaagiza, subirini wiki tatu. Tukakaa motel. Wiki ya pili akaja fundi mzee wa kutembelea, mtu wa Mexico, alikuja kwa gari la mtu mwingine kabisa, nikamwomba aniangalizie. Hakuchukua kompyuta, alichukua mita na balbu yenye waya mbili. Akaenda moja kwa moja kwenye betri. Kwenye zile gari waya wa kulisha boksi unatoka moja kwa moja kwenye betri za injini, haupiti kwenye swichi kubwa ya kukata umeme, na njiani una fyuzi yake. Ile nyumba ya fyuzi ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani mpaka waya umebaki nyuzi tatu nne. Akakata, akaunga, akaweka nyumba mpya ya fyuzi. Tukarudisha boksi la zamani, nikawasha, injini ikashika kwa zungusho la kwanza. Nilikaa chini nikalia, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo boksi halikufa. Na kuna la pili lililoniuma zaidi. Tulipofika nyumbani nikalipeleka lile la akiba kwa jamaa mwenye INSITE, programu ya Cummins ya kusoma maboksi haya, alisome. Lilikuwa na faili la basi la shule, nguvu za farasi 260, wakati langu ni 350. Maana yake siku ile hata kama umeme ungekuwepo, ningepanda milima ya Arizona na nguvu za basi, mwendo umefungiwa kwa mipango ya watu wa basi, kruzi ya kushika mwendo bila kukanyaga mafuta haipo, breki ya ekzosi haijulikani kama ingeitikia. Na mimi nilikuwa nimetembea nalo mwaka mzima nikiamini lina kazi.

Ndiyo maana nasema, na hapa nitarudia mpaka mnichoke: boksi la akiba linakuwa spea siku lilipofungwa kwenye injini YAKO, likaiwasha, ukaendesha nalo. Sio dakika mbili uani. Funga, toka barabarani, panda kilima, jaribu kruzi, jaribu breki ya ekzosi, angalia geji zote kwenye dashbodi kama zinasoma, sikiliza Allison inabadilisha gia kama ilivyozoea, kwa sababu gia boksi inapokea habari za injini kwa njia ya waya mbili za data na ikipewa habari mbovu inabadilisha gia vibaya. Ukiridhika ndiyo unarudisha la zamani, au hata unaliacha jipya lifanye kazi na la zamani unaliweka akiba, mimi ndivyo nilivyofanya, kwa sababu la zamani nalijua limenipeleka maili laki moja na kitu bila tatizo. Na faili lisomwe kutoka kwenye boksi lako leo likiwa zima! Watu wengi wanasubiri boksi life ndiyo waanze kutafuta kilichokuwemo ndani, wakati huo kompyuta haiwezi tena kuongea nalo. Likiwa zima fundi anakopi yote, mipangilio ya nguvu, kruzi, breki, maili, masaa ya injini. Likishakufa kampuni inaweza kukupa kalibresheni ya kiwandani kwa kutumia namba ya injini, sawa, ila ile mipangilio ya gari lako iliyowekwa na waliojenga motohomu hakuna anayekukumbukia. Chapisha kwenye karatasi, iweke pamoja na boksi. Andika juu yake namba ya injini, tarehe, na maili siku ulipolijaribu.

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa Fiat 682, Dar kwenda Zambia, enzi hizo injini haina waya zaidi ya wa stata na taa. Nilisafiri naye mara mbili nikiwa mdogo mpaka Tunduma. Alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, ndani mna nozeli, fani belti, bomba za mafuta za shaba. Nilikuwa napenda kuzichezea zile nozeli, akanizuia, akasema hizi zimeshapimwa. Kabla nozeli haijaingia kwenye lile sanduku ilikuwa inapelekwa kwa fundi pampu wa mtaa wa Gerezani, Dar, inapimwa presha, halafu inafungwa kwenye injini ya gari lile lile inatembea mpaka Chalinze na kurudi, ndiyo inaoshwa na dizeli inafungwa kwenye karatasi ya nailoni. Mtu aliyeishia darasa la nne. Nilikuja kuendesha malori Marekani miaka kumi na nane, nikasahau kitu nilichofundishwa nikiwa na miaka tisa.

Haya, kuna watu watasema Cummins sio injini pekee. Kweli. Wenye Caterpillar hali yenu ni ngumu zaidi kwa sababu Caterpillar walitangaza 2008 kwamba wanaacha injini za malori ya barabarani na kufika 2010 wakawa wameacha, lakini motohomu zenye injini zao za 3126 na C7 bado ziko barabarani na boksi zake haziwi rahisi kupatikana. Kwenye C7 kila injekta ina namba yake maalumu inayoingizwa kwenye boksi, kwa hiyo hizo namba nazo ziandikeni sasa. Wenye Cummins ISB za lita 5.9 za kuanzia 1998 zenye pampu ya dizeli ya VP44, kumbukeni pampu yenyewe ina kompyuta yake juu, ikifa hiyo boksi la akiba halikusaidii kitu, na kinachoiua mara nyingi ni ile pampu ndogo ya kusukuma mafuta kuchoka kimya kimya. Wekeni geji ya presha ya mafuta.

Wenye magari mapya ya DEF, yale maji ya kusafisha moshi wa dizeli, nawakubalia, kwa shingo upande, kwamba kwenu boksi la akiba halina maana sana. Mambo yamefungamana mno, na kinachowasimamisha huwa ni senza. Mwaka 2021 chipu zilipoadimika dunia nzima, senza za tenki la DEF zikawa hazipatikani na watu wenye motohomu za bei ya nyumba wakajikuta kompyuta inawashusha mpaka maili 5 kwa saa, ikabidi itolewe programu ya muda kwa idhini ya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ili waweze kurudi makwao. Injini nzima, tenki limejaa, na mtu hawezi kutoka kwenye kambi. Mimi hilo linaniumiza. Tangu 2016 sheria ya Marekani inamruhusu mwenye gari kuvunja kufuli ya programu ili atengeneze gari lake mwenyewe, lakini ruhusa bila chombo na bila faili inamsaidia nini mstaafu aliyekwama jangwani? Injini nimeilipia. Faili la injini yangu ni langu, na ningependa nipewe nakala yake siku ninapolipokea gari, pamoja na funguo.

Kuhusu gharama, ndiyo, boksi na kazi ya kuliingizia faili na kulijaribu vinaweza kula hela ya kodi ya nyumba ya mwezi mzima au zaidi. Kama unatembea mwisho wa wiki tu ndani ya jimbo lako, baki na hela yako. Kama unaishi ndani ya gari, au unavuka majangwa na mtu mgonjwa nyuma, hesabu ni nyingine.

Ila kabla ya hayo yote, anzeni na mita ya bei rahisi. Maboksi mengi yanayotupwa ni mazima. Pima betri, pima waya zinazolisha boksi huku zina mzigo wa balbu, kwa sababu waya uliobaki nyuzi tatu utakusomea volti 12 kamili ukiupima mtupu. Safisha waya za ethi mpaka chuma king'ae. Chomoa senza moja moja, kwa sababu senza moja ikipiga shoti kwenye umeme wa volti 5 inaweza kuzivuruga na wenzake. Na mtu akitaka kuchomelea chochote kwenye gari lako, betri zichomolewe na soketi za boksi zichomolewe, asikwambie ni kidoti kidogo tu. Ukienda kubadilisha boksi pia, betri kwanza, subiri kidogo, ndiyo ufungue soketi.

Na usiliweke chini kwenye mizigo kaka yangu. Kule kuna maji ya mvua, vumbi na mtikisiko. Liweke ndani, kabatini, soketi zimezibwa, kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli. Faili halitafutika hata likikaa miaka bila umeme, ila unyevu ukiingia kwenye pini umekwisha.

Kutoka leo mpaka Quartzsite muda upo. Upande wa gia za mbele za injini yako kuna bamba, lifute, lipige picha, namba ya injini na nguvu zisomeke, na stika ya hilo boksi ulilonunua uipige karibu zaidi kuliko ile ya juzi. Nitumie. Yule jamaa wa INSITE nimeshaongea naye, Jumamosi ya wiki ijayo yuko Columbus, hukohuko Ohio kwenu, kwa dada yake, anasema leta gari na leta boksi vyote viwili.