Kingamwili inaposhika sehemu inayocheza

Wapo wanaotaka picha za protini zilizopatikana kwa msaada wa kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika kitu maalumu, zitiliwe shaka zote, kwa hofu kwamba kingamwili huupotosha mkao wa kile inachokishika. Protini za utando wa seli ni ngumu kuchunguza kwa sababu sehemu yake kubwa hukaa ndani ya mafuta. Ukizitoa humo, huna budi kuzifunika kwa kemikali za aina ya sabuni, na sabuni hiyo huzizuia zisijipange kuwa fuwele za kupigwa eksirei ili umbo lake lionekane. Mwaka 1995 kundi la Hartmut Michel, Ujerumani, lilipachika kipande cha kingamwili kwenye sitokromu oksidesi, kimeng'enya cha bakteria Paracoccus denitrificans. Kipande hicho kinachopenda maji kilichomoza nje ya sabuni, protini zikapata pa kushikana, na fuwele ikapatikana.

Faida ni kubwa, nami siipuuzi. Mfereji wa potasiamu uitwao KcsA, yaani protini inayopitisha ioni za potasiamu kwenye utando, ulionekana mwaka 1998 kwa angstromu 3.2 (kipimo cha ukali wa picha: namba ikiwa ndogo, picha ni kali zaidi); mwaka 2001, kwa msaada wa kingamwili, Roderick MacKinnon na wenzake walifika 2.0, hata ioni za potasiamu zikaonekana zimepangana ndani ya kichujio, sehemu ya mfereji inayochagua ioni za kupita. Hapo sina shaka, maana umbo la 1998, lisilo na kingamwili, lilikuwepo la kulinganisha.

Mwaka 2003 mambo yalikuwa tofauti. Katika mfereji mwingine wa potasiamu, KvAP, kingamwili zilishika zile sehemu zinazohisi volteji, yaani zinazocheza mfereji unapofunguka na kufunga. Picha ilizionyesha zimelala upande wa ndani wa seli, na wanaopima umeme wa mifereji hiyo wakapinga vikali. Mwaka 2005 mfereji wa panya, Kv1.2, ulipigwa picha bila kingamwili: sehemu hizo zilisimama wima. Tuseme haki, kingamwili haikukosa peke yake. Kule kutolewa kwenye utando kulikuwa kumezilegeza tayari.

Lakini kuna wakati kuishikilia protini katika mkao mmoja ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2011 kundi la Brian Kobilka lilitumia kingamwili ndogo ya lama, Nb80, kukishika kipokezi cha adrenalini kikiwa kimeamka, yaani katika mkao wa kufanya kazi. Mwaka huohuo kipokezi hicho kilionekana pamoja na protini G, mshirika wake wa asili, na mikao miwili ikakaribiana sana.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka picha za namna hii zitiliwe shaka zote. Ninachodai ni kipimo cha utendaji: mfereji upitishe ioni na kimeng'enya kifanye kazi kingamwili ikiwa imeshika, na matokeo yachapishwe pamoja na picha, hata pale kazi inaposimama.