Rambirambi za Vitunguu

Shida aliianzisha makanga. Nilikuwa nimetoka soko la Kibuye na neti ya vitunguu, vile vyekundu vidogo vikali, naye akaona pa kuviweka ni chini ya mtungi wa gesi wa abiria mwingine. Matatu ya Kakamega, mvua ya jioni inapiga, madirisha yote yamefungwa kwa sababu sisi baridi tunaiogopa kuliko ajali.

Mlima wa Riat wote, kila shimo mtungi uliruka ukatua pale pale. Mara macho yakaanza kutuwasha. "Gesi inavuja!" mtu akapiga yowe, na wengine wakataka kutokea dirishani.

Mwalimu mmoja wa bayolojia, mashavu yamelowa, akatutuliza. "Gesi ni ya vitunguu, jamani!" Eti kitunguu kizima hakina neno, ukikiponda, vimeng'enya vyake vinakutana na kemikali za salfa zilizokuwa zimetengwa ndani ya seli, gesi inatoka, neva za jicho zinaupasha ubongo habari, nao unaiamuru tezi iliyo juu ya jicho imwage maji. Na makamasi? Machozi mengine hushukia puani kwa kijifereji. Alieleza vizuri, ila kila sentensi aliimaliza kwa kupenga.

Kiboswa, polisi. Tulikuwa 18 ndani ya gari la watu 14. Afande akafungua mlango, akatutazama, akavua kofia. "Poleni sana. Mmefiwa na nani?"

"Mzee, afande," makanga akasema bila kupepesa. "Ghafla tu."

Hapo mama mmoja mzee wa kiti cha nyuma, aliyemzika mumewe mwaka huo, akaangua kilio cha kweli. Mwalimu akaninong'oneza: hayo sasa ni machozi mengine kabisa, kwani miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, William Frey, alikuta machozi ya hisia yana protini nyingi kuliko ya vitunguu. Nikamwambia anyamaze, afande anasikia.

Afande akatoa shilingi 200 za kusaidia matanga, akaturuhusu.

Mbele kidogo, vita. Mimi nikadai ni zangu, vitunguu ni vyangu. Mwenye mtungi akasema bila mtungi wake vitunguu vingemliza nani? Mama mzee akasema, "Mimi ndiye niliyelia vizuri."

Makanga akazitia mfukoni. "Lililofiwa ni gari."