Mafuta ya breki au spiriti: rangi itoke, lori libaki

Julai Mbeya si mwezi wa kupuliza rangi. Kabini ya Scania ya plastiki, ile ya kuunganisha kipande kwa kipande ya kipimo cha 1:24, unaipuliza asubuhi ikiwa safi. Kufika jioni baridi imeichelewesha kukauka, vumbi limenasa, rangi imechuruzika hadi kwenye ngazi za dereva. Hapo una mawili: uipige msasa na kupaka juu yake, au uitoe yote uanze upya. Ukichagua kuitoa, unaingia kwenye ubishi wa siku zote kati ya watu wa mafuta ya breki na watu wa spiriti, yaani alkoholi ya isopropili.

Msasa nausemea kwa ufupi. Unafaa kwa kasoro ndogo mahali tambarare, kama paa la kabini. Ila rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kwenye modeli ya 1:24, ni sawa na milimita 2.4 juu ya lori lenyewe. Ongeza tabaka jingine, na jingine tena, mistari ya milango inazibika na shoo ya mbele inakuwa kama imesiribwa udongo. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Tunduma, malori hayo tunayaona kila siku. Jicho letu halikubali. Rangi ikiharibika sehemu kubwa, itolewe.

Sasa mafuta ya breki. Wanaoyatetea wana hoja, na anayewabishia kabisa hajawahi kuyajaribu. DOT 3, aina ya kawaida ya mafuta hayo, inapatikana duka lolote la spea Mwanjelwa. Ina kemikali za jamii ya glaikoli ambazo huilainisha hata rangi ya mafuta iliyokomaa, ambayo spiriti huishia kuipapasa tu. Na polistairini, plastiki ya modeli nyingi za kuunganisha, kwa kawaida huyastahimili. Nimewahi kulaza bampa humo usiku kucha. Asubuhi rangi ilikuwa imejikunja na kuachia kama ganda la kitunguu, na nati zote zimebaki na kingo zake. Uangalie tu usiuziwe DOT 5: hiyo ni ya silikoni na rangi haiigusi.

Tatizo ni kwamba watu hulichukulia jibu la polistairini kuwa jibu la plastiki zote. Bodi ya gari la rimoti, ile angavu inayopakwa rangi kwa ndani, ni polikaboneti. Itie kwenye mafuta ya breki na inaweza kujaa nyufa nyembamba kama nywele, na hakuna dawa ya kuzifunga. ABS, aina nyingine ya plastiki ngumu, nayo haiaminiki humo. Halafu mafuta yenyewe ni sumu, yanawasha ngozi na macho, na yakibaki kwenye kona yoyote rangi mpya haishiki. Nyumba yenye watoto, chupa ya soda yenye mafuta ya breki juu ya meza ni hatari ambayo lori la plastiki halistahili. Na yakishachafuka utayamwaga wapi? Mtaro wa mtaani kwetu unaishia mtoni.

Spiriti ni ya polepole, na hilo ndilo linalowachosha watu. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 ina nguvu kuliko ya 70 kwa sababu ina maji machache, na rangi ya akriliki huiachia baada ya saa kadhaa. Kwenye baridi yetu inaweza kwenda siku nzima au mbili. Ndipo mtu anaposogeza chupa karibu na jiko la mkaa ili ipate joto, na hapa naomba nisikilizwe: mvuke wa alkoholi hiyo unaweza kushika moto hata kwenye nyuzijoto 12. Chumba cha Iringa au Mbeya chenye jiko ndani si mahali pa kuifungulia, sembuse kuipasha. Funga chombo, kiweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mbali na moto, usubiri.

Thinner isitajwe kabisa. Fundi rangi mmoja wa gereji alinipa kidogo kwa nia njema, kwa kuwa kwenye bati huwa inafanya kazi vizuri. Nilichovya mlango mmoja. Kabla dakika haijaisha kitasa kilikuwa kimelainika na kulala ubavuni, na alama ya kidole changu imebaki kwenye mlango ule hadi leo. Petroli nayo ni hivyo hivyo.

Vipande vya kromu vina dawa yake, jiki, inayokula kile kitandiko chembamba cha alumini bila kugusa plastiki. Usiichanganye na spiriti wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa kemikali zinazodhuru mapafu.

Kwangu mimi spiriti ndiyo ya kuanzia. Mafuta ya breki yaingie pale tu rangi ya mafuta inapokataa, kwa kipande ambacho fremu yake, ile inayoshikilia vipande kabla ya kukatwa, imeandikwa PS, yaani polistairini, ukiwa nje na glovu mkononi, baada ya kujaribu kwanza kwenye kipisi cha fremu hiyo hiyo. Kisha uoshe kwa sabuni ya vyombo, zaidi ya mara moja.

Kabini yangu ya sasa iko kwenye spiriti siku ya pili. Rangi ya chungwa imeachia paa na milango. Imebaki ndani ya mifereji ya shoo, na humo napita na mswaki laini na kijiti cha meno, mfereji mmoja mmoja, bila kutia ncha ya sindano.